Simu Ambayo Sabra Hakuipiga

Kila siku jioni, baada ya kufagia uwanja, kuosha vyombo na kumkagua mdogo wake Mosi kama ameoga kweli au amelowesha miguu tu, Sabra aliketi kwenye ngazi ya mlango wa mbele akiwa na simu ya mama yake. Nyumba yao ilikuwa Kihonda, mjini Morogoro. Kutoka kwenye ngazi ile milima ya Uluguru ilionekana yote, kuanzia mashamba ya chini hadi kwenye mawingu. Sabra hakuitazama. Kwake yeye, milima ilikuwa mahali wanakotoka watu wenye matope kwenye viatu.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, wa pili katika mtihani uliopita, na alidharau karibu kila kitu. Alidharau sare yake ya shule kwa sababu ilishonwa na jirani. Alidharau maandazi ya mama yake, ingawa aliyala manne kwa mpigo. Alimdharau hata msichana aliyemshinda darasani, eti anashika namba moja kwa sababu hana kazi nyingine ila kusoma. Ukimuuliza yeye ana nini cha kumfanya aone wenzake si kitu, angekuonyesha ile simu, ambayo hata haikuwa yake.

Jumamosi moja, likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia, Mjomba Rehani alishuka kutoka Mgeta kwa lori la kabichi. Alikuja na Bibi, mama yake, ambaye ndiye mama wa mama yake Sabra. Kwa Waluguru mjomba si mgeni wa kupewa soda na kuagwa. Ndiye mkubwa wa watoto wa dada yake, na neno lake lina uzito kama la baba, pengine na zaidi. Baba yake Sabra alifanya kazi Dodoma na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku hiyo mkubwa wa nyumba alikuwa Mjomba Rehani na mabuti yake ya mpira.

"Shikamoo, Mjomba. Shikamoo, Bibi," Sabra alisema akiwa amesimama mbali kidogo, ili asipewe mkono wenye udongo.

"Marahaba, mwanangu," Mjomba alijibu. Aliuona ule umbali. Aliketi, akanywa maji, kisha akatangaza habari aliyokuja nayo. Karoti zake zilikuwa zimepata bei nzuri Dar es Salaam. Alitaka kuwapeleka wote Rukaruka, bustani kubwa ya michezo iliyofunguliwa upande wa Kibaha, yenye mabwawa, mitelezo ya maji na gurudumu kubwa linalowapandisha watu juu kuliko minazi.

Mosi aliruka akagonga meza. Bibi alicheka hadi akashika mbavu.

"Nina miaka sabini na mmoja," Bibi alisema. "Nimepanda milima maisha yangu yote kwa miguu. Sasa nataka kupandishwa nimekaa."

"Basi kazi ya kupanga safari ni yako, Sabra," Mjomba alisema. "Wewe ndiye msomi. Pangilia tuondoke saa ngapi, tufike saa ngapi, na tule wapi. Hapo kwenye kula ndipo penyewe. Bibi yako ana kisukari. Anachoma sindano nusu saa kabla ya kula, na akishachoma, lazima ale. Asipokula, sukari inashuka mwilini na anaweza kuzimia. Kwa hiyo ukishachagua mahali, piga simu. Uliza wanafungua siku gani, saa ngapi, na kama wana ugali wa dona na mboga za majani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mjomba."

Akampa vocha ya shilingi elfu mbili kwa ajili ya kupigia. Sabra aliinunulia bando la intaneti kabla lori la kabichi, lililoendelea Dar es Salaam, halijafika Chalinze.

Ratiba aliyoitengeneza ilikuwa nzuri mno kwa macho. Aliiandika kwenye karatasi ya manila kwa kalamu za rangi tatu, akachora nyota pembeni. Saa kumi na mbili kamili asubuhi kuondoka. Saa tatu kamili kufika. Kila mchezo aliupa dakika zake. Hakuweka dakika hata moja ya foleni, ya choo, wala ya mzee kushuka garini akinyoosha magoti. Kwenye ratiba ya Sabra watu hawakuwa na magoti.

Mahali pa kula alipata kwa dakika mbili. Paliitwa Nyota Saba, karibu na bustani, na picha zake mtandaoni zilikuwa za kung'aa: mikate mikubwa iliyobanwa nyama na jibini, glasi ndefu zenye majani ya mnanaa, wasichana waliovaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Sabra alijiona katikati ya wasichana wale. Aliona na picha ambayo angeiweka mtandaoni, na jinsi ambavyo yule wa namba moja angeiangalia mpaka macho yamuume.

"Bibi atakula nini hapo?" Mosi aliuliza akichungulia begani kwake.

"Atakula chipsi kama watu wengine."

"Mjomba alisema upige simu."

"Nipige niseme nini? Jamani, mna ugali wa dona? Wanicheke? Huo si ushamba?"

Chini ya picha kulikuwa na namba ya simu, imeandikwa wazi kabisa. Sabra aliipita kwa kidole. Hakuona uvivu, msichana huyu hakuwa mvivu. Aliona haya kuwaulizia watu wake chakula wanachokula kila siku, na haya hiyo aliiita ujanja wa mjini.

Jumatano Mjomba alipiga kutoka Mgeta. Sauti yake ilikatika katika, maana alikuwa amepanda juu ya jiwe kutafuta mtandao.

"Umewapigia wale watu wa chakula?"

"Nimewapigia, Mjomba," Sabra alisema bila kumeza mate. "Nimeongea na meneja. Wanafungua kila siku saa tano. Ugali wa dona upo, na mchicha upo."

"Vizuri sana, mwanangu. Basi mimi sina wasiwasi tena."

Uongo ule ulimtoka kirahisi hata akashangaa kwa nini watu wengine hukosea wanapodanganya. Akarudi kuchora nyota zake.

Siku ya safari ilikuwa Jumanne, likizo ikiwa imeanza. Mama, ambaye ni karani katika chuo kikuu cha Mzumbe, alichukua ruhusa kazini na kuazima gari la jirani, aina ya Noah. Bibi na Mjomba walikuwa wamelala pale nyumbani. Saa kumi na mbili kamili, Sabra alisimama mlangoni na karatasi yake ya manila, akamkuta Bibi amekumbatia kapu.

"Hilo la nini, Bibi?"

"La njiani. Kuna ndizi za kuchemsha, karanga, na vitu vyangu vidogo vidogo."

Sabra alilitazama lile kapu la ukindu kama kwamba limeingia ndani na miguu yake lenyewe. "Bustani hawaruhusu chakula cha kutoka nje. Imeandikwa kabisa," alisema. Hilo lilikuwa kweli, ingawa kapu lingeweza kubaki garini, na yeye alijua. Bibi alimtazama mjukuu wake msomi, akaamini, akaliweka kapu nyuma ya mlango wa jiko. Alichukua tu chupa ndogo ya chai anamohifadhia dawa yake iwe na ubaridi.

Ratiba ilianza kufa mapema. Mosi alitapika kabla ya Chalinze. Bibi alihitaji choo mara mbili, na magoti yake, ambayo hayakuandikwa popote, yalidai muda wake. Lori lilikuwa limeharibika njiani na magari yakasimama kwa zaidi ya saa mbili. Sabra alisonya, akatazama saa, akamwambia Mama aongeze mwendo kidogo.

"Ukitaka kuendesha wewe, njoo ukae hapa," Mama alisema, na ikaishia hapo.

Walipokaribia Kibaha ilikuwa saa saba kasorobo mchana. Uamuzi ukawa waanze kula, kisha ndipo waingie bustanini. Mama alipunguza mwendo, akamgeukia binti yake.

"Sabra, hapo tunapokula wana hakika? Bibi achome sasa?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Garini palikuwa kimya, Mosi amelala, na maneno yenyewe yalikuwa manne tu au matano. Lakini Sabra alikuwa ameshajiona kwenye ile picha.

"Achome tu, Mama. Wanatungoja."

Bibi alifunua tumbo kidogo chini ya kitenge, akajichoma kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo kila siku kwa miaka tisa, akafunga chupa yake. "Haya, ugali," alisema.

Nyota Saba ilikuwa imefungwa. Haikufungwa kwa kurudishiwa mlango. Ilikuwa na mnyororo na kufuli, na majani makavu yamejaa kwenye ngazi. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya ule mkate wenye nyama, rangi imepaukia juani. Hapakuwa na mtu, harufu ya chakula wala moshi.

"Mbona hivi?" Mama aliuliza.

"Watakuwa wanajiandaa," Sabra alisema. "Meneja alisema kama tukichelewa tusubiri kidogo."

Uongo mwingine ulitoka kuubeba wa kwanza. Walisubiri dakika kumi, kisha ishirini. Ndani ya Noah palikuwa na joto, wakafungua milango yote. Mama alisema labda watafute mahali pengine, lakini Mjomba alitikisa kichwa.

"Hapana, tusiwe watu wa kugeuka geuka. Mtoto ameongea nao, wametayarisha ugali kwa ajili ya mama. Watu wamewekewa chakula halafu hawatokei, ni vibaya. Huyu Sabra akisema ameongea nao, ameongea nao."

Sabra angependa zaidi kupigwa kofi. Alimtazama mjomba wake, kola ya shati imepigwa pasi vizuri kwa ajili ya safari, akimtetea mbele ya kufuli. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alimwona mtu mwingine zaidi ya alivyojiona yeye mwenyewe.

Kisha Mosi akasema, "Bibi analowa."

Jasho lilimtiririka Bibi usoni, na mikono yake ilitetemeka juu ya kitenge. Alianza kusema maneno ya Kiluguru, haraka haraka, akimwita Sabra kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Mama alimshika viganja akavikuta baridi.

"Sukari inashuka. Mama, pipi zako ziko wapi? Wewe hutembei bila pipi!"

"Kapuni," Bibi alisema, macho yakimlegea. "Nyuma ya mlango."

"Dakika chache tu watafungua," Mjomba alisema akiliangalia lango. "Sabra, mpigie huyo meneja wako, mwambie haraka!"

Sabra aliishika simu. Hakukuwa na meneja wa kumpigia. Angeweza bado kujifanya anapiga na kusema haipatikani, na wazo hilo lilimpitia kweli kichwani. Lakini mkono wa Bibi ulikuwa unatetemeka mbele yake, na kila neno lake la uongo lilikuwa linawabakiza watu wazima wawili kwenye mlango uliofungwa.

"Sikupiga," alisema. Kisha akasema kwa nguvu, huku akilia: "Mjomba, sikupiga simu! Sikuongea na mtu yeyote! Hawajui kama tunakuja!"

Mjomba alimtazama muda mfupi sana. Alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya barabara, ambako mafundi wa nyumba walikuwa wamekaa wakila kwenye mabenchi chini ya paa la turubai. "Mama ntilie yule. Kimbia. Leta sukari."

Sabra alikimbia. Viatu vyake vyeupe, alivyovinunua kwa ajili ya picha, vilizama kwenye dimbwi la maji ya vyombo. Mama ntilie alikuwa mwanamke mnene mwenye kanga kiunoni, na mafundi walimwita Magdalena.

"Shikamoo, mama. Bibi yangu ana kisukari, imeshuka, amechoma sindano hajala..."

Magdalena hakungoja amalize. Alikuwa ameshachota sukari vijiko vitatu vikubwa kwenye kikombe cha maji na anakoroga huku akitembea. "Ninaye mdogo wangu wa hivyo," alisema. "Nipeleke."

Walimnywesha Bibi kidogo kidogo, akiwa ameegemea kifua cha Mama. Baada ya kama robo saa jasho lilikauka. Mikono ilitulia. Bibi aliwatazama mmoja mmoja, akamwita kila mtu kwa jina lake sahihi, kisha akaulizia ugali.

Ugali ulikuwepo. Walikaa kwenye benchi la Magdalena pamoja na mafundi wenye vumbi la saruji, wakala dona, matembele na samaki wa kukaanga. Sabra hakuweza kula. Mlinzi wa Nyota Saba, aliyekuwa amekwenda kuswali, alirudi akawaona na gari lao.

"Mlikuwa mnawataka hawa? Hawa wanafungua Ijumaa mpaka Jumapili, tena jioni," alisema. "Namba yao si ile ukutani? Mngepiga tu."

Mafundi wawili walicheka. Hawakujua wanamcheka nani, lakini Sabra alijua.

Bibi alinawa mikono, akamgeukia. Alipenda kucheka, lakini sasa hakucheka.

"Nieleze nielewe. Kupiga simu kulikushinda nini?"

"Niliona aibu, Bibi. Kuuliza ugali wa dona."

"Aibu." Bibi alilitamka neno lile kama mtu anayetema mbegu. "Kumbe mimi nilikuwa nife kwa sababu wewe unawaonea aibu watu ambao hawakujui, hawajakuona, na leo hata hawapo. Picha ya mkate! Nimelea watoto sita kwa dona hilo, mama yako akiwa mmoja wao. Ungekuwa na aibu ya maana ungelionea aibu kufuli lile."

Sabra alipiga magoti pale pale kwenye mchanga. "Nisamehe, Bibi. Nisamehe, Mjomba. Na kapu niliwaachisha makusudi. Lingeweza kukaa garini."

Mama alifungua mdomo, lakini Mjomba alimzuia kwa mkono. Hili lilikuwa lake.

"Simama, unachafua gauni," alisema. "Nisikilize vizuri, maana sitarudia. Unadhani kosa lako ni uongo. Uongo ni kosa, ndiyo, na umeona ulikotufikisha. Lakini kabla ya kutudanganya ulitudharau. Uliona maswali yetu hayana maana kwa sababu ni yetu. Mtu akiwadharau watu, kuwadanganya hakumgharimu kitu, anaona hawastahili kuambiwa kweli. Mimi nilikuamini mbele ya mlango wenye mnyororo kwa sababu mimi sikudharau. Ukikabidhiwa kazi ya watu, uliza, hakikisha, na kama hukufanya, sema hukufanya. Ungesema saa saba kasorobo, tungecheka, tukala hapa, yakaisha."

"Nimekosa, Mjomba."

"Umekosa. Ila ulisema mwishoni, ulipoweza bado kunyamaza. Hilo nalo nimeliona."

Waliingia Rukaruka saa tisa. Muda ulitosha mitelezo miwili na lile gurudumu, basi. Mosi aliteleza hadi suruali ikachanika. Bibi alipanda gurudumu na Mjomba, akapandishwa amekaa kama alivyotaka, na alipofika juu alisema kwa sauti kubwa kwamba Mgeta ni juu zaidi. Sabra alibaki chini ameshika viatu vya watu. Karatasi ya manila aliikunja, akaitia kwenye pipa la taka.

Jua lilipoanza kushuka, Mjomba alimpa simu yake.

"Tutakula njiani, Chalinze. Tafuta mahali, upige. Hapa hapa, tukisikia."

Wote walikuwa wamesimama kando ya Noah, na kulikuwa na wasichana wengine karibu, wenye miwani ya jua kichwani. Sabra alisikia masikio yake yakiwaka moto. Akapiga.

"Habari za jioni," alisema, na sauti haikuwa ndogo. "Samahani, leo mnafunga saa ngapi? Saa tatu usiku? Mna ugali wa dona? Ndiyo, wa dona. Na mboga za majani? Tupo watano, tunatoka Kibaha sasa hivi. Bibi yetu ana kisukari, tunaomba asicheleweshewe. Naomba na jina lako, tafadhali. Asante sana, dada Riziki."

Wasichana wa miwani walipita wakizungumza mambo yao. Hakuna aliyecheka.

"Amesema wanafunga saa tatu, dona lipo, mchicha upo," Sabra aliwaambia. "Jina lake ni Riziki."

"Vizuri," Mjomba alisema akipanda garini.

Bibi alichukua chupa yake yenye dawa, akaiweka mapajani, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Leo sindano nitachoma nikiwa nimeiona sahani kwa macho yangu," alisema.

Mama aliwasha gari. Sabra aliketi nyuma, karibu na dirisha, na hakujitetea, kwa sababu Bibi alikuwa na haki.